Siku Moja ya Clovis

Nyumba namba 418,
Mtaa wa Dewberry,
Flint, Michigan.
Jumapili, 12 Septemba 1982

Mpendwa Mama mkubwa Ozella,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, ingawa nakujua wewe: daktari akisema goti lipumzishwe, unamjibu kwamba bamia hazijichumi zenyewe. Linaendeleaje hilo goti? Na ile dawa ya kuchua niliyompa jirani yangu Eulalie akuletee alipokuja huko Arkansas mazishini, aliifikisha au aliimaliza mwenyewe njiani? Niandikie ukweli, nitamshughulikia.

Vipi mvua? Nimesikia mto umepanda tena hadi kwenye mashamba ya chini. Kama maji yamefika karibu na banda la kuku, tafadhali usiyapime wewe mwenyewe na fimbo kama mwaka juzi. Mtume Tolliver. Ndiyo kazi ya mume.

Huku kwetu tu wazima kwa jumla. Hosea anakuamkia. Kifua chake bado kinamsumbua, hasa asubuhi, tangu walipofunga kile kiwanda cha kuyeyusha chuma. Anasema mapafu yake yalikwisha kuzoea moshi, sasa ni hewa safi inayotaka kumuua. Anaupenda sana mzaha huo, na mimi siupendi.

Mwili wangu ni mzima, ila moyo haujatulia. Tangu tutoke kanisani leo nimekaa kuandika mara tatu na mara tatu nimesimama. Nimesugua jiko ambalo halikuwa chafu. Nimeshona upindo wa pazia, nikaufumua, nikaushona tena pale pale. Kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani macho yamekwisha. Nitakueleza kwa nini, Mama mkubwa, lakini niache nianze kwa mbali kidogo.

Mji huu si ule uliouona ulipokuja kwenye arusi yetu. Siku zile mtu aliweza kugombana na msimamizi asubuhi, akatupa aproni, na mchana akawa ameajiriwa kiwanda cha ng'ambo ya barabara. Sasa kila Jumamosi utaona trela la kukodi limefungwa nyuma ya gari la mtu, limejaa magodoro na baiskeli za watoto, linaelekea Houston. Dukani kwa Bwana Haddad magazeti ya Houston huisha kabla ya gazeti letu wenyewe. Watu hawasomi habari, wanasoma kurasa za kazi, na wengine husoma wamesimama pale pale ili wasilipe.

Mwezi uliopita nilipanga foleni nyuma ya kanisa kupokea jibini ya msaada wa serikali. Mbele yangu alikuwa mtu aliyekuwa msimamizi wangu zamani, yule aliyekuwa akitupimia dakika za kwenda msalani. Tulisalimiana kwa heshima, kila mmoja akitazama viatu vyake. Jibini yenyewe inafaa sana kwa makaroni, sitadanganya. Shida ni kuipokea.

Mwezi wa nne tulipiga kura, labda mwanao Clovis alikuandikia. Kampuni ilituambia magari hayauziki, mabenki yameishika shingoni, Wajapani wanakula soko mchana kweupe. Tukikubali kurudisha siku zetu za mapumziko na nyongeza tuliyokwisha kuahidiwa, basi kazi yetu ya kushona vitambaa vya viti vya magari haitapelekwa pengine. Tulibishana ukumbini kwa saa tatu hadi mtu mmoja akarusha kiti. Clovis alisimama juu ya benchi akasema kura iwe hapana. "Dada," akaniambia mbele ya watu wote, "hawa ukiwapa shubiri wanachukua pima!" Nikamjibu ashuke kabla hajaanguka, na midomo yake isitufukuzishe kazi sote. Ukumbi ulicheka. Mimi nilipiga ndiyo, na ndiyo ikashinda.

Jumatatu iliyopita ilikuwa Sikukuu ya Wafanyakazi. Tuliandamana na fulana zetu za chama cha wafanyakazi, bendi ya shule ikipiga, kisha tukaenda kula soseji nje ya ukumbi. Mchungaji mmoja mgeni, maskini, alikuja na kigari chake cha Kijapani akakiegesha katika uwanja wetu. Hakuliona lile bango kubwa linalosema magari ya kigeni yaende yakaegeshwe kwao. Wanaume wanane walikinyanyua kwa mikono wakakivusha barabara wakakiweka mbele ya kituo cha mafuta, bila kukikwaruza hata kidogo. Clovis alishika pembe moja, akicheka hadi machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo sijamwona akicheka.

Jumanne asubuhi tulipokwenda kupiga kadi zetu za kuingilia kazini, orodha ilikuwa imebandikwa ndani ya kioo pembeni mwa saa. Walikuwa wameondoa zamu nzima ya pili. Hiyo ndiyo pima.

Wewe hujawahi kufanya kazi kiwandani, basi nikueleze kidogo mambo yetu. Hapa mtu hajulikani kwa umri wala kwa uzuri wa mshono wake. Anajulikana kwa tarehe aliyoanza kazi. Tarehe ndiyo inayokupa zamu ya mchana, likizo ya kiangazi, na cherehani iliyo karibu na dirisha. Mwanamume anaweza kusahau siku aliyooa, na wengi husahau, lakini mwamshe usingizini umuulize tarehe yake ya kazi, atakutajia kabla hajafungua macho. Na kazi ikipungua, aliyeingia mwisho ndiye anayetoka kwanza. Hatuna ugomvi na sheria hiyo. Watu wa zamani walipigwa marungu ili tuipate, ili msimamizi asiweze kumbakiza shemeji yake na kumtoa yule asiyechekea vichekesho vyake.

Safari hii mkato uliangukia tarehe 15 Agosti 1968. Wewe unaijua tarehe hiyo, maana ndiyo siku mimi na Clovis tulipoanza. Tulioanza siku hiyo tumebaki wanne. Na watu wakilingana tarehe hupangwa kwa tarakimu nne za mwisho za namba zao za hifadhi ya jamii, mwenye kubwa juu, mwenye ndogo chini. Zangu zinaanza na saba. Za Clovis zinaanza na mbili. Kampuni ilihitaji wawili tu kati ya wanne. Jina langu lilikuwa la mwisho katika ukurasa wa wanaobaki, na jina la Clovis lilikuwa la kwanza katika ukurasa wa wanaotoka. Mwisho wake ni kesho Jumatatu, kengele ya zamu ikilia.

Lurleen, anayeshona mbele yangu, alinikumbatia kwa nyuma akapiga kelele, "Wee Verlene! Umepenya kwenye tundu la sindano, mpenzi! Kesho keki iko juu yako." Wanawake wakapiga makofi. Nikageuka nikamwona Clovis amesimama mbele ya kioo, kidole juu ya jina lake. Alisoma, akanitazama, akagusa ukingo wa kofia yake kunipongeza, akaenda zake kwenye meza ya kukatia vitambaa. Nasikia siku ile alikata vitambaa vingi kuliko mtu yeyote na hakupinda hata kimoja.

Kila mtu ananiambia ni bahati ya namba. Mama mkubwa, si bahati. Na kati ya watu wote wa kiwanda kile, siku ile ni wawili tu waliojua kwamba si bahati, mimi na mwanao.

Ulipotutuma huku mwaka ule, ulinikabidhi Clovis, ukasema, "Wewe ndiye mkubwa, mwangalie." Yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili, mimi ishirini na sita. Tulikwenda kuomba kazi Jumatano, tarehe 14. Kwanza wanakupeleka kwa muuguzi kupimwa. Clovis alipita mara moja. Karani akamwambia aanze mchana ule ule, zamu ya pili, wana upungufu wa watu. Mimi damu ilikuwa imepanda kwa hofu. Muuguzi akasema nirudi kesho, ikiwa imeshuka nitaajiriwa, ikiwa haijashuka basi.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikaanza kulia. Makelele ya mahali pale yalinitisha. Nilikuwa nimekwisha kuamua kupanda basi jioni ile kurudi Arkansas, na nilimwambia hivyo. Clovis alinitazama, akarudi ndani, akamwambia karani hawezi kuanza leo kwa sababu hana viatu vya kazi. Akatoka akaja kukaa nami pale kwenye ngazi mpaka jioni, akinisimulia upuuzi, na asubuhi yake akanishika kiwiko akanirudisha kwa muuguzi. Damu ilikuwa imeshuka. Tukaanza kazi pamoja.

Hakuwa amekosa viatu. Wewe ndiye uliyemnunulia viatu vile Pine Bluff kwa pesa yako ya mayai, na alikuwa amevivaa.

Kama angeingia kazini siku ile alipoambiwa aingie, tarehe yake ingekuwa ya 14, na kesho yeye angekuwa anabaki na mimi ndiye ningekuwa natoka. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kulitaja jambo lile. Sikukuu, arusi, hata siku tulipogombana kwa ajili ya gari la Hosea na maneno yakawa mabaya, hakulitaja. Jumanne yote nilimsubiri alitaje. Angelitaja ningekasirika, na hasira ingenisaidia kulala.

Jumatano nilikwenda kwa Stan Wojtas. Huyu ndiye mwakilishi wetu wa chama, mtu mnene, sauti kubwa, machozi karibu. Nilimweleza yote. Akavua miwani akaifuta.

"Verlene," akasema, "siku haihamishwi. Ningekuwa Yoshua ningesimamisha jua, lakini mimi ni Stan."

"Basi hakuna njia?"

"Ipo moja, na sipendi kukuambia." Akanieleza kwamba katika mkataba kuna kifungu: mwenye tarehe ya juu anaweza kuomba kutoka kwa hiari yake, na wa chini yake akabaki. "Zamani watu walikigombania. Mfuko wa walioachishwa ulikuwa umejaa, mtu alikwenda kuvua samaki huku analipwa. Sasa mfuko umekauka, dada yangu. Ukitoka umetoka mikono mitupu. Na kuitwa tena, usiniulize. Wapo wanaosubiri kuitwa tangu mwaka wa sabini na tisa."

"Na bima ya matibabu?"

"Itakufuata miezi michache. Kisha itachoka kukufuata."

Akanipa karatasi. Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa saa tisa alasiri. Akaniambia pia kwamba mtu akishatia sahihi anaweza kuifuta mpaka kengele ya zamu ya Jumatatu. "Kengele ikishalia," akasema, "hata Papa wa Roma hawezi kuifuta." Na Stan ni Mkatoliki wa kweli.

Alhamisi Clovis alikuja kusafisha mifereji ya paa letu, maana Hosea hawezi tena kupanda ngazi, na mwanao kila Septemba huja hata kama mbingu zinaanguka. Nilisimama chini nikimshikia ngazi. Nikasema nitumie nafasi hiyo, hawezi kunikimbia.

"Clovis, nataka tuzungumze juu ya ile siku."

"Siku gani?"

"Jumatano ile. Ya viatu."

"Dada, shika ngazi, acha historia."

"Ulitakiwa uanze Jumatano."

"Nani kasema? Sikuwa na viatu."

"Ulikuwa umevivaa!"

"Vilikuwa vinabana."

"Clovis."

"Miaka kumi na minne, Dada! Mimi hata nilichokunywa leo asubuhi sikikumbuki." Akaniangushia konzi nzima ya majani yaliyooza kichwani, kwa makusudi. "Ona sasa. Nilikuambia usisimame hapo."

Alipomaliza akashuka, akajifuta mikono taratibu, na safari hii hakufanya mzaha. "Sikiliza. Usije ukafanya jambo la kipumbavu. Mzee anahitaji dawa zake. Mimi nina mgongo na mikono miwili, na Marvella ana shangazi yake Houston. Tutakwenda. Watu wanakwenda." Marvella amebakiza wiki sita ajifungue, Mama mkubwa. Huyo ndiye mke atakayemweka ndani ya gari na trela nyuma na watoto wengine wawili, kusafiri siku mbili kwenda kulala sakafuni kwa shangazi. Nilimwambia aingie ale. Akasema ameshiba. Clovis, ameshiba! Akabeba ngazi yake akaenda.

Mwanao ni mwongo, na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda pale alipokuwa akinidanganya.

Niliporudi ndani nilimwonyesha Hosea karatasi. Nilitumaini atakataa. Nilitaka sana akatae, nakuambia ukweli, ili niweze kusema nilitaka lakini mume wangu amenikataza. Aliisoma mpaka chini, akakohoa, akanirudishia. "Usinifanye mimi kisingizio," akasema. "Nitakohoa ukiwa na kazi na nitakohoa ukiwa huna." Nikamuuliza, na dawa je? Akasema dawa tutaijua ikifika. Nilimkasirikia mpaka nikaunguza mchuzi.

Ijumaa zamu ilikwisha saa nane na nusu. Nilikwenda moja kwa moja ofisini, aproni bado mwilini, nikatia sahihi mbele ya karani. Alipiga muhuri akaweka karatasi kwenye trei bila kuinua macho. Ilikuwa rahisi mno. Watu husema mtu akitenda wema moyo huwa mwepesi. Sijui wema wa namna gani wanaosema. Mimi nilijisikia vile mtu anavyojisikia akiwa safarini na hakumbuki kama alizima jiko.

Niliingia garini nikakaa. Sikuwasha injini. Nilifikiri usiku wa Hosea, anavyokaa kitandani akitafuta pumzi, na mimi nikimhesabia. Nilifikiri kwamba nina miaka arubaini na kitu ninachokijua duniani ni kuunga mgongo wa kiti na kalio lake. Nilifikiri kwamba Clovis ni mwanamume, ana nguvu, alisema mwenyewe atakwenda. Nilifikiri kwamba alisema hakumbuki. Ikiwa yeye hakumbuki, mimi ni nani nikumbuke?

Nikatoka garini nikakimbia. Mimi, na mwili huu unaoujua, nilikimbia uwanja wote wa magari nikirudi kuichukua ile karatasi.

Mlango ulikuwa umefungwa. Ilikuwa saa tisa na dakika mbili. Niliupiga kwa kiganja, nikaupiga tena. Mzee wa usafi akatokea na ufagio wake akasema, "Wameshaondoka, mama. Umesahau nini?" Nikamwambia nimesahau miwani. Nilikuwa nimeivaa. Aliiona, akaendelea kufagia.

Hakuna anayejua hilo. Hosea nilimwambia nimetia sahihi, basi. Alinishika mkono mpaka tukamaliza kula, na yeye si mtu wa kushikana mikono. Stan alinipigia simu jana analia, akasema katika miaka yake yote chamani hajaona. Amekubali kumficha Clovis jambo hili mpaka kengele ya kesho ilie, maana akijua mapema atakuja kuniburuta kwa nywele hadi ofisini nikaifute. Kwa hiyo kuna watu wawili hapa wanaonitazama kana kwamba mimi ni mtakatifu. Leo kanisani niliimba beti zote nne, na muda wote nilikuwa nikifikiri kesho niegeshe gari wapi ili niwe wa kwanza mlangoni.

Maana ofisi inafunguliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mama mkubwa, na kengele ni saa kumi na mbili. Nina nusu saa nzima. Nimeitegesha saa ya kuamsha, nikaizima, nikaitegesha tena. Hosea anadhani ni mazoea. Ningeweza kwenda na kurudi kabla hajaamka, nikamwambia kampuni imekataa, mambo ya makaratasi. Angeniamini. Stan angeniamini. Clovis angefunga trela lake akanibusu shavuni, angeniamini kuliko wote.

Wewe peke yako ndiye usingeniamini. Tangu mama yangu alipofariki ukanichukua, sijaweza kukuficha kitu. Ulikuwa ukinitazama tu huku unamenya njegere, na mimi nakiri hata makosa ambayo nilikuwa bado sijayafanya.

Ndiyo maana nakuandikia leo na sikungoja wiki ijayo mambo yakiwa yamekwisha. Barua hii nitaitia kwenye sanduku la posta la kona sasa hivi, kabla Hosea hajaamka usingizi wake wa mchana. Ikishaanguka ndani, mkono wangu haufiki. Itakapokufikia utakuwa unajua nilitia sahihi, na utakuwa unajua nilirudi mbio kuifuta. Sasa kama kesho nitakwenda kuifuta tena, wewe utakuwa unajua hata hilo, na sitaweza kuja nyumbani Krismasi wala siku nyingine yoyote nikaketi mezani kwako pamoja naye. Nakuomba usidhani nakuletea habari. Nakuomba unishike mkono, Mama mkubwa, kwa sababu mimi peke yangu siwezi, nimeshajaribu.

Clovis atakupigia simu, huenda hata kabla hujaipokea hii. Atakuwa amewaka moto. Atakuambia uniamuru nirudi kazini, kana kwamba mimi na wewe ndio tunaoiendesha kampuni. Mwache afoke mpaka akauke. Lakini akikuambia mimi ni mtu mwema, mkatize hapo hapo, umwambie aende akamsaidie mkewe. Na nakuomba usinitajie kanisani kwenu. Wakitaka kuombea mtu waombee mapafu ya Hosea, na mtoto wa Marvella afike salama.

Mpe Tolliver salamu zangu, na umwambie sijasahau ahadi yake ya kunichagulia tikiti maji bora. Msalimie Dada Idabelle na mapacha wake, Mchungaji Crenshaw, na yule bibi kipofu wa kiti cha mbele ambaye hunitambua kwa mwendo. Wasalimie walio hai wote na upitie makaburini kwa mama.

Mungu akulinde wewe na goti lako, akuzuilie maji ya mto mbali na mlango, na akupe usingizi ambao mimi leo sina.

Stempu nimekwisha kuibandika. Hosea amegeuka ubavu kule chumbani, nasikia kitanda. Nakwenda.

Ni mimi mwanao wa kulea, nikupendaye na kukuogopa sawasawa,

Verlene